Kibanjo Kilichopakwa Mafuta

Machi 11

Upepo wa jana umeondoka na nusu ya paa langu. Bati moja limepatikana kwenye uwanja wa shule, mengine hayajulikani yaliko. Fundi kasema hapandi juu mpaka mvua zikatike, na simlaumu. Nimehamia kwa kaka nikiwa na sanduku la nguo, kompyuta ya kazini na daftari hili.

Kaka ni karani wa mahakama mstaafu, na nyumba yake inafanana na masjala: kila kitu kina mahali pake na hakuna kinachoguswa. Nimepewa chumba cha nyuma. Ukuta wa upande wa choo umeota ukungu wa kijani wenye manyoya. Nimesogeza kitanda katikati ya chumba, nikalala pua ikiwa upande wa mlango.

Machi 12

Mvua. Soksi hazikauki. Zinanuka kabla ya kuvaliwa.

Machi 14

Sebuleni kuna kabati la vioo, na ndani yake, juu ya kitambaa cheupe, kimelazwa kibanjo cha baba. Ni banjo ukulele: nyuzi nne na shingo fupi kama ya ukulele yoyote, lakini mahali pa sanduku la mbao pana ngoma ndogo ya ngozi, iliyobanwa kwa pete ya chuma na nati kuizunguka. Baba alikipiga kwenye bendi ya hoteli tangu kabla sijazaliwa mpaka alipofariki, nami nikiwa bado mtoto wa shule ya bweni. Bendi haikuacha kanda hata moja. Ushahidi wa sauti yake ni masikio ya watu, na kazi ya uandishi wa habari imenifundisha thamani ya ushahidi wa namna hiyo.

Jioni alikuja mwalimu wa kwaya, jirani na rafiki wa kaka. Kaka akafungua kabati kwa ufunguo anaouvaa shingoni, akakitoa kibanjo kama mtu aliyepewa kichanga kilichojikojolea, akakipiga mara moja kwa kidole gumba. Ilitoka sauti ya kofi kwenye godoro lililolowa.

Mwalimu alifumba macho. "Imekomaa," alisema. "Ala ya muziki ni kama mtu, ndugu yangu. Ujana kelele, uzee hekima."

"Kila mwaka inazidi ulaini," kaka alisema.

"Imekuwa laini mpaka haisikiki," wifi yangu, mke wa kaka, alisema kutoka jikoni.

Niwatendee haki: mimi pia ninaikumbuka sauti hiyo kuwa laini. Nikimfikiria baba, nasikia kitu cha mbali chenye utamu, kama maji yanayodondoka mtungini. Kwa hiyo nilinyamaza. Lakini nilikiinamia kibanjo, na kinanuka. Kinanuka kama mguu uliovuliwa kiatu cha mvua.

Machi 19

Shangazi amekuja. Ni mdogo wake baba, na aliimba kwenye bendi ileile. Aliketi mezani, akavua meno yake ya bandia, akayaweka kando ya kopo la sukari, akavuta chai kwa sauti iliyomfikia mpita njia.

"Nimekuja kuchukua kibanjo," alisema.

"Kunywa chai kwanza, shangazi," kaka alisema.

"Ninakunywa, au huoni? Watu wa redio wanakuja kunirekodi mwezi wa tano, mvua zikikatika. Nyimbo zote za bendi. Wenzangu wote wako ardhini, nimebaki mimi, na mimi vidole vinafunga duka." Alinyoosha mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho vimevimba kama tangawizi na havikunjuki. "Ngozi ya hicho kibanjo imekufa. Nitaing'oa, niwambe mpya."

"Ngozi ile aliigusa baba. Sauti yake imo mle."

"Baba yako alibadilisha ngozi kama watu wanavyobadilisha soli ya kiatu. Hiyo ni ya mwisho tu. Haikuwa na hata mwaka alipokufa."

"Shangazi, kwa heshima zote..."

"Heshima gani? Kaka yangu aliudhi mtaa mzima na hicho kidude. Majirani walikuwa wanagonga ukuta."

"Si kweli. Baba aliheshimiwa. Hakuna aliyewahi kugonga ukuta wetu."

"Wewe ndiye uliyelala kitanda cha ukutani, bwana karani. Yaulize masikio yako."

Kaka akafunga kabati na kurudisha ufunguo ndani ya shati. Shangazi akavaa meno yake bila kuyasuuza. Chembe za sukari zilikuwa zimeyagandia.

Machi 20

Wamenichefua wote wawili, lakini shangazi zaidi. Kizee kinachodai mali ya marehemu huku meno yake yakiwa mezani: nimeiandika habari hiyo mara nyingi, hubadilika mtaa tu. Kaka, kwa ubaya wake wote, ametunza kitu.

Machi 27

Shimo la choo la jirani limefurika. Tunaishi madirisha yakiwa yamefungwa na kupumua kwa zamu.

Aprili 3

Leo ni siku aliyofariki baba, na nimeona kinachofanyika nisipokuwepo. Kaka alivaa koti. Mwalimu wa kwaya alikuja na tai. Kibanjo kiliwekwa juu ya meza, kaka akachovya pamba kwenye kibakuli cha mafuta, akaanza kuipaka ngozi, taratibu, kwa duara, kama mtu anayempaka mtoto baada ya kumwogesha.

"Kila mwaka?" niliuliza.

"Kila mwaka, bila kukosa," kaka alisema. "Ngozi ni ngozi. Usipoilisha inapasuka."

Nilisogea. Ngozi ambayo nadhani ilikuwa nyeupe imekuwa ya rangi ya ukucha wa mvutaji sigara. Imeshiba mafuta mpaka imekuwa kama karatasi iliyofungia maandazi. Ukiiinua mbele ya taa unaona kivuli cha mkono wako. Mafuta ya miaka ya nyuma yamekusanya vumbi kando ya pete ya chuma, yakawa lami, na ndani ya lami hiyo kulikuwa na mguu wa mende. Mguu tu. Mende mwenyewe aliondoka bila huo.

Kaka akapiga nyuzi. Bup.

"Utulivu," mwalimu alisema.

Nilitoka nje nikasimama mvuani. Haikuwa huzuni. Nilihitaji hewa.

Aprili 4

Wifi ameniambia, akisugua sufuria, kwamba pamba hiyo ya mafuta hairuhusiwi kutupwa. Zote zimo kwenye mkebe, chini ya kabati. "Wifi, mimi niliolewa na mtu," alisema. "Sikujua nimeolewa na mkebe."

Aprili 9

Nimekutana na mama mwenye nyumba wetu wa zamani kwa fundi viatu. Ni mkongwe sasa, anatembea kwa kuegemea kuta. Nilimuuliza juu ya kibanjo, kikazi tu, nikitegemea atasema baba alikuwa mtu mwema na muziki wake mtamu. Watu huwasafisha marehemu bila kuombwa.

"Lile dude?" alisema. "Lilikuwa linatuingia kwenye meno. Mume wangu alikuwa anagonga ukuta kwa kiatu, wa juu wanagonga kwa ufagio. Na baba yako hakunyamaza hata siku moja. Tukigonga, alikuwa anasema neno lake moja, watoto wanacheka, anaendelea."

"Neno gani?"

Alifikiri mpaka fundi akamaliza kushona kisigino. "Limenitoka. Lakini lilikuwa linaniudhi kuliko dude lenyewe."

Huyo ni shahidi wa pili, asiye na undugu wala faida. Niliporudi sikumwambia kaka. Alikuwa anakula, na hutafuna upande mmoja.

Aprili 16

Nimekwenda kwa shangazi, nikikusudia kumhoji kama ninavyomhoji mtu yeyote anayedai kitu.

Anaishi chumba kimoja cha kupanga kwenye safu ya vyumba, kuta nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia apone. Paa linavujia kwenye beseni lililo juu ya kitanda; yeye hulala upande wa miguuni. Chumba kinanuka dawa ya kuchua na samli iliyoungua. Alikuwa na gitaa la kuazima.

"Kwa nini usirekodi na hilo?" niliuliza.

"Ukae hapo, mwandishi. Uangalie, usiandike."

Alishika gitaa. Shingo ya gitaa ni pana. Vidole vinatakiwa kutanuka. Kidole cha pili kilifika, cha tatu kilifika nusu njia kikakwama, na uso wake ukakunjamana kama wa mtu aliyeuma ndimu iliyooza. Hakulia wala kulalama. Alilitemea gitaa neno ambalo siliandiki, akaliweka chini. Kisha akachukua mwiko wa jikoni, akaushika kama shingo ya kibanjo, akapita kwenye nyimbo moja baada ya nyingine, vidole vikiruka kwenye ule upana mdogo, bila sauti. Vyote vilifika. Hata vile vya tangawizi.

"Kwenye shingo fupi bado ninaweza," alisema. "Mwezi ujao ninaweza. Mwezi wa saba sijui. Na nyimbo zile zilitungwa kwa sauti inayokatika. Kibanjo ukikipiga, sauti inakufa hapohapo, kwa hiyo lazima uimbe upesi uzibe pengo. Gitaa linavuta, linavuta, linakuimbia juu ya kichwa. Ngozi yenye mafuta nayo ni mbaya kuliko gitaa. Hapo haizaliwi hata hiyo sauti ya kufa."

"Kaka anasema imekomaa."

"Embe likikomaa linaanguka. Likioza nalo linaanguka. Kaka yako amesimama chini ya mti, kinywa wazi."

Nimemwona kwa jicho jingine. Meno yake bado yalikuwa kwenye kikombe, na kwenye kikombe kulikuwa na chai.

Aprili 17

Mvua.

Aprili 18

Mvua. Kiatu cha kushoto kimeota uyoga. Si mzaha, una kofia.

Aprili 26

Nimesema na kaka. Nimempa hoja kwa utaratibu, kama anavyopenda: vidole, shingo fupi, watu wa redio. Alisikiliza kama mahakama, akaenda kuomba ushauri kwa mwalimu wa kwaya, akarudi na hukumu. Shangazi atarekodi kwa kibanjo, lakini hapa sebuleni, mbele ya wageni waalikwa, na ngozi haitaguswa.

Shangazi aliitwa. Alikipokea, akapiga nyuzi. Bup. Akamrudishia.

"Hii si ala. Hiki ni kiatu."

"Ni unyevu tu," kaka alisema. "Itakazwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Usiikaze siku ya mvua, mtoto wa kaka yangu. Ngozi inalegea ikinywa maji, inajikunyata ikikauka. Ukiikaza leo imelegea, jua likitoka itajikaza yenyewe juu ya kukaza kwako. Baba yako alikuwa anaipasha juu ya jiko kabla ya kupiga, na akimaliza analegeza nati, kama mtu anavyolegeza mkanda baada ya kula."

"Baba hakuwahi kuweka kibanjo juu ya jiko."

"Mimi ndiye niliyekuwa nalishika hilo jiko."

Akaondoka bila kuaga. Kaka akachukua spana ndogo na kuanza nati ya kwanza. Nje ilikuwa inanyesha kiasi kwamba tulizungumza kwa kupaza sauti. Alizunguka pete nzima, akapiga, hakuridhika, akazunguka tena. Mafuta yalichuruzika pembeni mwa ngozi yakamfikia kwenye kifundo cha mkono. Akayapaka kwenye nywele zake.

Nilimwambia shangazi amesema kweli.

"Wewe ni mtu wa magazeti," alisema. "Huamini kitu mpaka kiharibike."

Aprili 30

Anakaza kila siku sasa. Mlio umepanda kidogo, kutoka godoro hadi ndoo ya plastiki. Mwalimu wa kwaya anasema hekima imeanza kusema.

Mei 2

Mvua nusu siku. Shangazi amenitumia ujumbe: kidole cha kati kimeanza.

Mei 5

Jua. Sijui lilikuwa wapi. Kuta zinatoa mvuke, uwanja wote umetandazwa magodoro na kila nyumba inaonyesha aibu yake. Upepo mkavu umevuma tangu asubuhi.

Tulikuwa mezani mchana: kaka, wifi, mwalimu wa kwaya na mimi. Mwalimu alikuwa anaeleza jinsi wageni watakavyopangwa kwenye viti. Kulitokea mlipuko kabatini. Si mkubwa, kama mtu aliyepasua mfuko wa karatasi karibu na sikio lako, lakini vioo vilitikisika na mwalimu aliteleza chini ya meza akiwa na kijiko.

Kaka hakukimbia. Alinyanyuka, akanawa mikono, akavua ufunguo, akafungua. Ngozi ilikuwa imechanika kutoka ukingo hadi ukingo. Vipande vilikuwa vimejikunja kwa nje kama midomo, na kutoka ndani ya kibanjo, mahali ambapo hakuna aliyechungulia tangu baba afariki, ilitoka harufu ambayo nimeisikia mara moja tu, kwenye chumba cha maiti umeme ulipokuwa umekatika. Ndani yake kulikuwa na mafuta yaliyoganda, mayai ya mende na kiota cha panya aliyekwishahama. Kiota kilifumwa kwa uzi wa kitambaa cheupe cha kabati.

"Baba ametoka," kaka alisema.

"Alikuwa anasubiri tu mlango," wifi alisema. Akafungua madirisha yote.

Nilitegemea kumdharau kaka. Siku zote hizi nilikuwa ninajiandaa. Lakini alikaa chini, pamba mkononi, akijaribu kuunganisha mpasuko kwa mafuta, akiusugua taratibu kwa duara, na kila akisugua kipande kilikatika zaidi. Nilichoona ni mtu ambaye kwa miaka yote hiyo aliua kitu kwa kukitunza, na sasa anaongeza dozi. Bado alinichefua. Lakini lilikuwa chukizo la namna nyingine. Sikuweza kuliacha nikaenda chumbani.

Nilimshika mkono ule wenye mafuta. "Kaka. Tumpelekee shangazi."

"Hakina maana tena. Fanyeni mnavyotaka."

Mwalimu wa kwaya alikuwa amekwisha kuondoka, na kijiko chetu.

Mei 6

Nimekipeleka. Shangazi alichungulia ndani, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akakilaza mapajani. "Masikini mtoto wa kaka yangu," alisema. "Alikuwa anampikia baba yake."

Alinituma kwa fundi ngoma kutafuta ngozi ya mbuzi, nyembamba, isiyo na kovu. Nimetembea nayo ikiwa mbichi kwenye mfuko. Mbwa wamenifuata.

Mei 7

Nimesugua chuma kwa majivu, nimetoa kiota, nimetoa lami. Shangazi ananielekeza kwa ncha ya mwiko. Ngozi imelowekwa, ikanyolewa kwa wembe. Kazi hii inanuka kuliko msimu wote uliotangulia, na mikono yangu inanuka hata baada ya ndimu. Tumeiwamba ikiwa imelowa, kwa mkono tu. Spana kaificha chini ya mto wake. "Mpaka ikauke yenyewe," alisema. "Kivulini. Ukiona unataka kuikaza, nenda kakojoe."

Mei 10

Inakauka. Kidole cha kati hakikunjuki asubuhi; mchana kinakunjuka.

Mei 13

Amekaza mzunguko mmoja. Hataki nisikie.

Mei 15

Watu wa redio wamekuja, yaani mtu mmoja, fundi mitambo mwenye vipokea sauti shingoni. Kaka naye alikuja. Hakualikwa, wala hakufukuzwa. Alivaa koti lile la siku ya mafuta, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na mlango.

Shangazi alikiweka kibanjo juu ya jiko kwa muda, akikigeuza kama chapati. Kaka alitazama hilo, akatazama chini. Kisha shangazi akavaa meno yake, akaketi, akapiga.

Nitaandika nilichosikia. Ilikuwa sauti ya kijiko kinachokwaruza sufuria, iliyokatwa vipandevipande. Kavu, kali, yenye pua. Ilipiga mfupa ulio nyuma ya sikio, ikashuka kwenye magego. Fundi mitambo alirudi nyuma hatua nzima na kushusha kitufe fulani. Na juu yake shangazi aliimba upesi, akiziba mapengo, sauti yake nayo ikiwa imepasuka, vidole vyote vikifika.

Nilichukia. Nilitaka inyamaze. Na hapo nikajua hisia hiyo: nikiwa mdogo, kichwa chini ya mto, nikimtakia baba yangu nyuzi zikatike. Yale maji yanayodondoka mtungini sijui niliyatoa wapi. Kibanjo hakijawahi kuwa na sauti hiyo. Kililegea kule kwenye kabati, na mimi nikalegea huku, kila mmoja kwa mafuta yake.

"Hiyo siyo," kaka alisema kwa sauti ya chini. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa karaha. "Hiyo siyo sauti ya baba. Ile ilikuwa..."

Jirani aligonga ukuta. Kwa kiatu, nadhani. Mara tatu, kwa hasira.

"Wameitikia," kaka alisema.

Alilisema papohapo, bila kufikiri, kwa sauti ambayo haikuwa yake. Shangazi alisita kidogo tu kisha akaendelea kupiga. Hakuna aliyekuwa amemwambia kaka neno hilo la baba. Mimi sikulijua mpaka aliposema, na aliposema nikatambua kwamba nililijua tangu zamani. Yeye mwenyewe alijifunika mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyecheua mbele ya wageni.

Wimbo ulipokwisha, fundi mitambo alisema turudie, kuna kelele ya ukutani imeingia.

"Iache," shangazi alisema.

"Mama, itasikika."

"Iache mwanangu. Ni ya bendi."

Walirekodi mpaka jioni, wimbo baada ya wimbo. Jirani aligonga katika nyingi kati ya hizo. Kila ukuta ulipogongwa, kaka aliinua kichwa.

Mei 18

Fundi kamaliza paa langu. Nimefungasha. Wifi ametupa mkebe wa pamba, na kaka alimwona akiutupa. Kabati lina vikombe.

Shangazi anasema vidole vyake sasa havikunjuki hata mchana, na kwamba kabla havijafunga kabisa alilegeza nati zote. Kibanjo kiko kwake, juu ya msumari.

Magego bado yananiuma.